Ufukara: Ni Uvivu wa Maskini, au Ni Dhuluma Aliyodhulumiwa?

Katika darasa hii twataka kuchungua jambo ambalo watu wetu hushindana kwalo barazani na kahawani kila siku, na ushindani ukazidi kila yajapo majira ya uchaguzi: mtu huwa fukara kwa nini, na dawa ya ufukara ni ipi? Wasemao ni wengi, lakini ukiwapanga hawapiti makundi mawili. Wako wasemao kuwa maskini amejileta mwenyewe pale alipo. Amelala hata jua likapanda, amekula alichopata bila ya kuweka, amezaa bila ya kufikiri, na serikali hata ikimpa mali yote ya hazina, kesho atarudi na bakuli lake. Na wako wasemao kuwa maskini hana kosa hata moja. Amenyang'anywa, amedhulumiwa, amenyimwa, na siku watakapoondoka walio juu yake wakaja wengine, ufukara utaondoka nao. Kundi la kwanza mara nyingi ni la walioshiba, na la pili mara nyingi ni la wanaotaka kura. Maskini mwenyewe haulizwi.

Wala haya si mashindano ya kupitisha wakati. Dawa hufuata ugonjwa, na aliyekosea katika kuujua ugonjwa hukosea katika dawa. Aaminiye kuwa maskini ni mvivu, dawa yake ni kumwonya na kumwacha njaa imfunze. Aaminiye kuwa maskini amedhulumiwa, dawa yake ni sheria na ardhi na kodi. Na hukumu ikipotoka, wanaolipa ni watoto wasioijua hoja ya huyu wala ya yule.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Disemba 1963, viongozi wake walitangaza vita juu ya maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Neno lilikuwa zuri, na watu wakalishika. Lakini ndani yake mna jambo la kuangaliwa. Maradhi yaweza kumpata mtu bila ya kuletwa na mwenziwe. Je, umaskini nao ni hivyo hivyo? Ukiuita adui, kama kwamba ni jini lililotoka baharini, wasahau kuuliza ni nani aliyelima na ni nani aliyevuna. Twaona kuwa mwenye kulisoma suala hili lazima aanzie hapo, na kwa sisi watu wa pwani mfano hauko mbali.

Waingereza walipoitwaa pwani hii kuwa chini ya himaya yao mwaka 1895, haukupita muda ila walitaka watu wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na katika ujenzi wao. Wakatoza kodi ya nyumba, nayo haikuwa ya kujaza hazina tu. Watawala wenyewe walikiri kuwa kodi ni njia ya kumtoa mtu kwake akatafute ujira. Wagiriama hawakwenda. Kwa hivyo wakaandikwa kuwa ni watu wavivu, walevi, wasiopenda kazi. Na hao wavivu walikuwa wakilima mahindi katika ardhi nzuri ya kaskazini ya mto Sabaki, wakala, na yakabaki ya kuwauzia wafanyabiashara! Hawakuikataa kazi. Walilikataa jembe la mtu mwingine kwa ujira mdogo, hali ya kuwa jembe lao lawapa zaidi; na mfanyabiashara yeyote wa mjini angalifanya hesabu iyo hiyo.

Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu wasitoe vijana wao, akakamatwa na kupelekwa mbali. Mwezi wa Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, vita vikazuka, nyumba zikachomwa, mbuzi wakatwaliwa, na watu wakafukuzwa katika zile ardhi za kaskazini ya Sabaki. Baada ya miaka michache njaa ikawaingia. Basi mtu aliyepita huko mwaka 1918, akawaona wamekonda hawana chakula, akasema ni matunda ya uvivu wao, alikuwa ameitazama pua ya jambo na hakuutazama uso wake. Ufukara ule ulikuwa na tarehe, na ulikuwa na waliouleta.

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo wasomaji wetu wengine hawatalipenda. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Mwaka uliofuata, 1908, ikatoka sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye kudai shamba katika ukanda wa pwani aje na ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya serikali. Ni nani aliyekuwa na ushahidi wa namna waliyoitaka Waingereza? Ni watu wa miji. Watu wa karatasi, wa mikataba iliyoandikwa mbele ya kadhi, wenye kujua mlango wa ofisi. Wanyika ardhi yao ilikuwa ni ya ukoo na ya kaya, haina jina la mtu mmoja, na serikali haikuwa na safu katika daftari yake ya kuandika mali ya namna hiyo. Na aliyekuwa mtumwa hata juzi, ambaye mikono yake ndiyo iliyoyafanya mashamba ya Malindi na Takaungu kuwa ghala la nafaka la pwani, aliachwa huru pasi na kipande cha kusimamisha mguu.

Hatusemi kuwa kila mwenye hati ni mnyang'anyi. Wengi wamenunua kwa fedha zao au wamerithi kwa haki. Na wako katika watu wetu waliopoteza mashamba kwa kutojua siku ya kudai, au kwa kuyauza kwa bei ya kutupa walipobanwa na madeni. Lakini tukisimama kulalamika kuwa pwani imedhulumiwa, na ni kweli imedhulumiwa, yatupasa tujue kuwa katika dhuluma hiyo wako waliokuwa chini na wako waliokuwa juu, na wote ni watu wa pwani.

Tazama vile hali ile ilivyoendelea kuzaa ufukara mpaka katika zama zetu. Mtu aliyekaa katika shamba lenye hati ya mwingine, mwenye hati akiwa Mombasa au ng'ambo, aliruhusiwa kulima mahindi na muhogo. Kupanda mnazi au muembe au mkorosho hakuruhusiwa, kwa kuwa mti ni dalili ya kumiliki, na mwenye shamba aliogopa kuwa kesho mti utasimama ushahidi. Sasa fikiri. Mnazi humtunza mtu na watoto wake na wajukuu wake. Muhogo humtunza kwa mwaka mmoja. Miaka ikapita, babu na baba na mwana, kila mmoja akilima cha kuliwa mwaka huo huo, akaja mtu wa mjini kwa gari, akatazama kibanda cha makuti na shamba lisilo na mti, akasema: "Watu hawa hawana fikira ya kesho." Kesho yao waliikatazwa!

Na hali iyo hiyo iko mjini. Katika mitaa ya Mombasa iko nyumba ambayo mwenyewe ameijenga kwa jasho lake, na kiwanja chake ni cha mtu mwingine, naye hukilipia kila mwezi. Mtu wa namna hii hathubutu kujenga kwa mawe, kwani akiambiwa ahame hawezi kuyabeba mawe. Kadhalika akienda benki kutaka mkopo wa biashara hana cha kuweka rahani.

Sasa tuje kwenye mashindano ya wanasiasa. Mwezi wa Aprili 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge nambari 10, uliokuwa ukieleza ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi, na Tom Mboya, waziri wa mipango, ndiye aliyekuwa mtetezi wake mkubwa. Katika waraka ule mna shauri moja ambalo athari yake imeishi kuliko mengine yote. Ulisema kuwa fedha za maendeleo zipelekwe pale zitakapozaa zaidi, nako ni kwenye ardhi nzuri, mvua nyingi, barabara na umeme, na watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Kisha faida itakayopatikana iwasaidie waliobaki nyuma. Kwa hesabu ya duka shauri hili halina kasoro. Lakini barabara na umeme vilikuwa viko wapi? Vilikuwa pale walipokaa walowezi. Kwa hivyo waliopendelewa na mkoloni ndio waliostahiki zaidi baada ya mkoloni, na Tana River na Turkana wakaambiwa wasubiri ziada.

Wakati ule ule walitokea wa kupinga. Barack Obama, mchumi wa Kenya aliyekuwa baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliandika mwezi wa Julai 1965 akihoji vipi waraka utazuia mali isikusanyike katika mikono michache. Bildad Kaggia alidai mashamba ya walowezi wapewe wasiokuwa na ardhi bila ya kununua. Akajibiwa hadharani na Rais Kenyatta kwa kuulizwa yeye mwenyewe amejifanyia nini, wakati wenziwe aliofungwa nao wana mali. Twaomba msomaji alizingatie jawabu lile. Hoja ilikuwa ni juu ya haki ya ardhi, na jawabu likawa ni juu ya bidii ya mtu. Hivyo ndivyo hoja ya uvivu inavyotumiwa: huletwa ili suala jingine lisijibiwe. Baadaye J. M. Kariuki naye alionya juu ya nchi ya mamilionea wachache na ombaomba wasiohesabika, naye aliuawa mwezi wa Machi 1975.

Majirani zetu wa Tanganyika na Unguja, waliokwisha kuungana, walikwenda njia nyingine. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilizitia benki na viwanda vikubwa mkononi mwa serikali, likawakataza viongozi kukusanya mali, na baada yake watu wakakusanywa katika vijiji. Walifanya kheri ambayo lazima ikiriwe. Walifundisha watu wazima kusoma na kuandika kwa wingi usiokuwa na mfano katika nchi hizi. Lakini katika miaka ya 1970 watu walihamishwa kwa nguvu, wakaacha mashamba waliyoyajua wakatupwa kwenye wasiyoyajua, na chakula kikapungua. Na mwaka 1986 serikali ikalazimika kukubali masharti ya wakopeshaji wa dunia. Basi wale wanaodhani kuwa serikali ikishika kila kitu maskini ameshiba, na wayatazame hayo.

Mwaka 1972 lilikuja Kenya jopo la Shirika la Kazi la Kimataifa kutafuta dawa ya ukosefu wa kazi. Lilichokikuta kilikuwa ni kingine. Liliona kuwa wengi wa maskini wa Kenya wana kazi, tena ngumu na ya saa nyingi: wachuuzi, mafundi, washona viatu, wachukuzi. Walikuwa wakifanya kazi na wakibaki maskini. Na serikali badala ya kuwasaidia ilikuwa ikiwafukuza na kuwabomolea vibanda. Ni zaidi ya miaka 50 sasa, na askari wa baraza la mji hajaacha kumkimbiza mama wa viazi.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kulitengeneza kosa la 1965. Iliamuru kaunti zipewe si chini ya sehemu 15 katika 100 za mapato ya taifa, na ikaweka mfuko wa kusawazisha, nusu ya moja katika 100, kwa maji na barabara na hospitali na umeme katika pande zilizoachwa nyuma. Orodha ya kwanza ya pande hizo ilikuwa na kaunti 14, na katika hizo 14, tano ni za pwani: Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Fedha za mfuko zilitoka kwa kuchelewa sana. Na uchunguzi wa serikali wa miaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika kila watu 100 wa Kenya, 36 ni maskini. Mombasa 27, Kilifi 46, Kwale 47, Tana River 62.

Anayeshikilia kuwa yote haya ni uvivu na atueleze jambo hili. Mwaka 1988 kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa. Watu wa Msambweni waliokuwa wakiamka alfajiri kukata miwa, je, waliingiwa na uvivu mwaka ule wote kwa pamoja? Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa, na mwaka 2019 ikatolewa amri kuwa shehena za bara zipande reli zikatolewe Nairobi. Madereva, wapakizi, wenye gereji na mama wauzao chakula kando ya barabara wakapoteza riziki, wakaandamana Mombasa. Mwezi wa Septemba 2022 amri nyingine ikairudisha kazi ile bandarini. Mtu yule yule alikosa kwa kalamu na akapata kwa kalamu, na mikono yake haikubadilika.

Lakini hatutaki msomaji aondoke hapa akidhani kuwa tumemwandikia cheti cha kukaa barazani. Liko letu pia. Wazee wetu waliziogopa skuli za wamishonari, na walikuwa na sababu. Lakini khofu ile ilipoendelea baada ya sababu kwisha, ilituachia vijana wasio na ufundi. Chuo cha MIOME kilipoanza kupokea wanafunzi Mombasa mwaka 1951, kilikuwa ni cha kuwafundisha vijana wa Kiislamu ufundi wa mashine na wa mabaharia, na leo chuo hicho kimekuwa ni Chuo Kikuu cha Ufundi. Wangapi katika watoto wa mitaa inayokizunguka wamo ndani yake? Na ziko harusi zetu. Mtu hukopa kwa ajili ya pilau ya siku moja, na deni lake akalipa mpaka mtoto wa kwanza akaingia chuoni kusoma alifu. Haya hayakuumbwa na Waraka nambari 10.

Kwa hivyo ugonjwa una sababu za nje na sababu za ndani, na mwenye kushika moja akaiacha nyingine amepooza upande. Sharia imelijua jambo hili zamani, na ushahidi wake ni kisa alichokipokea Abu Daud, ambacho makundi yote mawili hukitaja na kila moja hukikata katikati. Mtu mmoja katika Ansari alikuja kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume akamuuliza ana nini nyumbani, akasema ana nguo nzito ambayo upande huivaa na upande huitandika, na chombo cha kunywea maji. Akaamrishwa avilete, Mtume akavinadi mwenyewe mbele ya watu, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Dirhamu moja mtu yule akanunulia chakula cha watu wake, na ya pili akanunua shoka, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia aende akakate kuni auze, asimwone kwa siku 15. Aliporudi alikuwa na dirhamu 10.

Matajiri wetu hukipenda kisa hiki kwa lile la kwenda kukata kuni. Wanalolisahau ni kuwa kabla ya kuambiwa aende kazini, mtu yule alitafutiwa mnunuzi, bei yake ikapandishwa kutoka dirhamu moja mpaka mbili, watu wake wakashibishwa siku ile ile, na akatiwa chombo cha kazi mkononi na mkuu wa dola. Tena kuni zile alizikata porini, wala hakuna aliyemtokea na hati. Na wale wenye kusema maskini apewe tu, nao husahau kuwa alihesabiwa siku na akatakiwa arudi na khabari.

Na hivyo ndivyo walivyofahamu maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza kuwa fakiri na maskini hupewa katika zaka kiasi cha kumtoa katika ufukara, wala si cha kumpitisha siku. Mwenye kujua ufundi hupewa cha kununulia vyombo vyake, vingi au vichache. Mwenye biashara hupewa rasilimali, muuza mboga kwa kadiri ya mboga na muuza johari kwa kadiri ya johari. Na asiyejua kazi yoyote hupewa cha kumtosha umri wake, anunue milki ambayo mapato yake yatamlisha. Mwenye nguvu na kazi imfaayo hana fungu; lakini mwenye nguvu aliyeitafuta kazi akakosa wa kumwajiri, huyo ana fungu. Tazama vile fiqihi ilivyouliza lile ambalo wanasiasa hawaulizi: je, kazi iko?

Tulinganishe na desturi yetu. Tajiri mwenye mali ya biashara ya shilingi 4,000,000 zaka yake ni shilingi 100,000. Ramadhani huibadilisha kwa noti ndogo ndogo, akampa kila mtu shilingi 500, na safu ya watu 200 ikasimama juani mlangoni pake toka asubuhi. Mwaka wa pili husimama wale wale 200. Laiti angaliwaendea watu wachache, huyu akampa nyavu, huyu cherehani, yule deni lililomfunga akamlipia, mwaka wa pili safu ingalipungua. Ama wasiokuwa na nguvu, wazee na wagonjwa, hao ni wa kulishwa na hapana la kuwauliza. Abu Yusufu amepokea kuwa Sayyidna Omar alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba, akaamrisha alishwe katika Baitulmali. Serikali ya Kenya ilipoanza mwaka 2018 kuwalipa wazee wote waliopita miaka 70, ilifanya jambo ambalo asili yake tunayo vitabuni.

Ama ardhi, hiyo ni mlango mwingine. Aliyekaa juu ya haki ya mtu hawezi kuitoharisha kwa kumpa zaka. Haki hurudishwa kwa mwenyewe, Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu, na sadaka huanza baada ya hapo.

Limebaki suala tunaloulizwa mara nyingi na wenye viwanja: mpangaji akilimbikiza kodi ya miezi na hana cha kulipa, je, yajuzu mwenye kiwanja kumsamehe kwa nia ya zaka? Jawabu ni kuwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ni haimjuzii, kwa kuwa zaka lazima ikabidhiwe, na deni lililoko juu ya mtu halijakabidhiwa. Lakini akimpa zaka mkononi, naye ni wa kustahiki, bila ya kumshurutisha airudishe, kisha mpangaji kwa hiari yake akamlipa deni kwa fedha zile, zaka imesihi na deni limekwisha. Akimshurutisha, haikusihi.